Mahakama ilishasema tangu 2016

Nikipiga simu nyumbani Tanzania na kugusia ndoa za utotoni, ndugu zangu hunikata kauli: "Hayo ya huko kwa wazungu." Laiti wangejua. Hapa England, hadi Februari 2023, binti wa miaka 16 aliweza kuolewa kisheria mradi wazazi wameridhia. Payzee Mahmod, aliyeozwa akiwa na umri huohuo, alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ibadilishwe, na Bunge la huku likaibadilisha 2022, mabadiliko yakaanza kutumika Februari hiyo ya 2023.

Kwetu mahakama ilitangulia. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alishinda kesi Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa vifungu hivyo mvulana husubiri hadi miaka 18, lakini binti huozwa akiwa na 15, wazazi wakiridhia. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, na juu ya mahakama hiyo hakuna nyingine. Hata hivyo 2024 iliisha vifungu vikiwa vilevile.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Nilimaliza darasa la saba na msichana aliyekuwa akinishinda hesabu kila mtihani. Matokeo hayajabandikwa, mahari yake imeshapokelewa. Walimu walijua. Mwenyekiti wa kitongoji alikula pilau la harusi ile. Hakuna aliyeulizwa lolote, na kwa sheria ile, wangeulizwa nini?

Huku mwanangu aliwahi kuamka na homa nikasahau kutoa taarifa shuleni. Saa nne haijafika, simu ikaita: mtoto yuko wapi? Kila shule ina mtu aliyekabidhiwa usalama wa watoto, na jambo likiharibika yeye ndiye wa kwanza kutakiwa maelezo. Watoto wanaumizwa huku pia, tena wakati mwingine na waliopaswa kuwalinda, lakini angalau unajua mlango wa kugonga.

Gyumi alifanya yake, akashinda mara mbili. Waliobaki na deni ni serikali na Bunge, na wewe uliye nyumbani una mbunge. Akija kuomba kura, muulize vifungu hivyo viwili alivisimamiaje.

Yule rafiki yangu nilizungumza naye mwezi uliopita. Kitinda mimba wake ni msichana, yuko darasa la saba, na hesabu anaziweza kama mama yake.