Kompyuta Imekosa Draiva

Tangu jana saa mbili usiku kompyuta yangu ya mezani inanionyesha kioo cheusi chenye kistari kimoja cheupe, juu kushoto, kinachowaka na kuzima kama indiketa ya bajaji ambayo haikati kona. Kosa langu ni moja tu: iliniuliza kwa adabu kama ningependa kusasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux unaoiendesha, nami, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, nikakubali, huku nikijua fika kwamba kadi yangu ya picha inaishi kwa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa) ya kampuni, ile ambayo msimbo wake umefungwa, ambayo hununa kila kerneli inapobadilika.

Wenzangu wenye kadi za namna hii hamhitaji kuelezwa. Moduli ya draiva hiyo, kile kipande kinachojiunga na kerneli, haimo ndani ya kerneli yenyewe. Programu iitwayo DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapoingia, na ujenzi huo hautaki mchanga wala saruji bali faili za heda za kerneli hiyo hiyo, yaani ramani zake za ujenzi, ambazo kwangu hazikuwapo. Draiva huria, Nouveau, ingenisitiri, lakini niliipiga marufuku mwenyewe mwaka jana ili isigombane na mwenzake. Kwa hiyo mmoja nimemfukuza, mwingine hajazaliwa, na nyumba imebaki giza.

Ningevumilia, kama tunavyovumilia maji, lakini video ya sendofu ya binti wa jirani inatakiwa Jumamosi. Mama wa bibi harusi alipopiga simu asubuhi nilimweleza kwa utulivu kwamba draiva imegoma. "Pole, baba Asha," akasema, "sasa si utafute dereva mwingine? Mpwa wangu ana leseni ya magari makubwa, ameshafika hadi Tunduma." Nikamshukuru.

Hapo nikafanya uamuzi ambao hadi sasa siuelewi: niliipakata sipiyu kwenye daladala kutoka Tabata hadi Kariakoo, na konda akadai nauli ya watu wawili kwa maelezo kwamba huyo naye ni abiria.

Fundi ana kibanda anachokigawana na muuza kava za simu na mama wa vitumbua. "Shikamoo mzee," akasema. Nina miaka 41. Nikaitikia marahaba kwa uchungu. Aliiwasha mashine, akakitazama kile kistari kwa makini kama daktari anayesikiliza mapafu, kisha akatoa hukumu kwamba ina virusi. Nikamweleza kwamba hapana, ni moduli ya kadi ya picha ambayo haijajengwa kwa ajili ya kerneli mpya. Akanitazama kwa huruma.

"Basi mzee, tukupigie Windows."

Nikasema sitaki kupigiwa Windows, natumia Linux.

"Linux ni Windows namba ngapi?"

Ningelipa nauli zangu mbili na kurudi nyumbani, lakini heshima ilinizuia. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki, nikaanza kumsomesha: kwamba Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na haina ukoo na Windows, kwamba kampuni za kadi zimekuwa zikificha siri za vifaa vyao, na kwamba mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, Torvalds alipoulizwa kuhusu kampuni mojawapo ya hizo aliinyooshea kidole cha kati mbele ya kamera.

Mama wa vitumbua akaacha kugeuza. "Kidole? Mbele za watu? Na ni mtu mzima?"

"Mzee," akasema fundi, "kama mwenye Linux yake mwenyewe ameshindwana nao mpaka akatukana, wewe wa Tabata utawaweza?"

Nilikosa jibu. Ningeweza kusema kwamba mwaka 2022 kampuni ile ile ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli, lakini moduli hizo huzihudumia kadi za kuanzia mwaka 2018, na yangu ni kikongwe kuliko hapo, kwa hiyo jibu hilo lingemwongezea ushindi. Nikanyamaza, naye akaichomoa kadi, akaomba ufutio kwa mtoto wa mama wa vitumbua, akaanza kuyasugua yale meno ya dhahabu, jino kwa jino, huku akipuliza vumbi jeusi la ufutio kuelekea kwenye unga. Hakuna faili la heda lililowahi kupatikana kwa ufutio! Alipoirudisha na kuwasha, kistari kikaibuka pale pale.

"Umeona? Sasa kinawaka kwa nguvu." Akachukua elfu tano.

Nyumbani nikabonyeza Ctrl, Alt na F3, nikaingia kwa maandishi matupu, nikapakua heda kwa bando la simu, na moduli ikajengwa bila neno. Nilipoipakia nikaambiwa ufunguo umekataliwa: Secure Boot, mlinzi anayekagua kinachopakiwa kompyuta inapowaka, haimpokei mgeni asiye na sahihi inayotambulika. Nikauandikisha ufunguo wa sahihi hiyo, nikaweka nywila ya muda, nikaizima mashine na kuiwasha, kwa kuwa uthibitisho hufanyika kwenye kioo cha bluu kinachosubiri sekunde kumi tu kabla ya kuendelea na safari, na ukikikosa unaanza upya. Sekunde ya tatu simu ikalia, kioo kikanipita. Alikuwa mama wa bibi harusi, akinifahamisha kwamba mpwa wake amefika na yuko nje ananigongea.

Kijana ana adabu. Amevua viatu mlangoni na kutafuta funguo za gari bila kuziona. Nimemketisha mbele ya kibodi, kidole kikiwa juu ya Enter, nikamwagiza abonyeze mara tu atakapoona bluu, kwa kuwa mimi nikiwa karibu simu hulia. Akauliza kama ni ya gia au otomatiki. Sasa ananisimulia foleni ya malori ya Tunduma, jinsi walivyolala ndani ya gari na kupika wali kando ya tairi, na jinsi turnboi wake alivyouza spea ili wanunue nyama, nami sijaiwasha bado, kwa sababu nataka kwanza kujua ilikuwa spea ya nini.