Kwenye fomu ya viza ya India, mama mdogo si mama

Kijana wa steshenari alikuwa ameshalipunguza lile faili mara tatu. Tovuti ya viza ya India inataka nakala ya pasipoti iwe PDF isiyozidi kilobaiti 300, na mashine yake ilikuwa inatoa kitu cha megabaiti mbili. "Kaka, sasa imekaa 290, tupandishe?" Tukapandisha, ikapita. Tulipofika kwenye picha akanigeukia: "Hii ina bluu." Kweli, picha zetu za pasipoti tunapiga na kitambaa cha bluu nyuma, wenzetu wanataka nyeupe. Tena bila miwani. Mama mdogo, ambaye ndiye mgonjwa wetu, hajavua miwani hadharani miaka na miaka, kwa hiyo picha iliyotoka inamwonyesha akiangalia kamera kama mtu anayemtafuta ndugu yake stendi ya Magufuli.

Hayo ndiyo watu wengi wanayoyaita ugumu wa viza ya India. Kwangu mimi hayo ni usumbufu wa asubuhi moja. Nimesikia watu wakilalamika kwamba Wahindi wanatubania, nami nilikuwa nalalamika hivyohivyo mpaka nilipomjazia mgonjwa fomu mwenyewe. Fomu ile haina roho mbaya. Inauliza tu habari za ukoo, na ukoo wetu sisi kwenye karatasi umeandikwa ovyo.

Nianze na aina za viza, nitapita haraka. India wana viza ya mtandaoni ya utalii (ya siku 30, ya mwaka 1 na ya miaka 5), ya biashara, ya mikutano, ya matibabu, na ya muuguzaji, yaani anayemsindikiza mgonjwa. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wauguzaji wawili, basi. Ya matibabu ni siku 60 kuanzia unapoingia, na ndani yake unaweza kuingia mara tatu. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 na kurasa mbili tupu za kugonga mihuri. Kwa mgonjwa, karatasi inayobeba kila kitu ni barua ya hospitali ya kule, yenye kichwa cha hospitali, inayosema fulani anakuja kutibiwa kitu fulani. Bila hiyo usihangaike kufungua tovuti.

Huo ukomo wa wawili tu ulitupa kikao cha familia cha saa nne. Mama mdogo ana watoto watatu wa kuzaa. Mmoja yuko Oman na mkataba wake haujaisha, mwingine ana mimba ya miezi saba, wa tatu hana pasipoti. Wajomba wakasema niende mimi na binamu yangu wa kike, kwa sababu mimi Kiingereza kinapanda na yeye ndiye atakayemwogesha mgonjwa. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani kwake. Kwetu hilo si swali. Mama yangu alipofariki nilikuwa darasa la pili, na tangu hapo nimekula, nimelala na nimechapwa kwa mama mdogo.

Hospitali ilipotuma fomu yake fupi ya kuandaa barua, kulikuwa na kisanduku cha uhusiano na mgonjwa. Binamu alimuuliza mama mdogo, "Huyu tumwandike nani?" Mama mdogo akashangaa. "Mwanangu, si mnamjua?" Basi ikaandikwa mwana, na barua ikaja hivyo: mgonjwa pamoja na mwanawe. Tukafurahi. Nikakaa kujaza fomu yangu ya viza, nikafika panapouliza jina la mama na mahali alipozaliwa.

Hapo nikasimama. Jina la mama yangu mzazi ninalo, liko kwenye cheti. Barua ya hospitali inasema mama yangu ni mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye anaombewa viza kwa namba ya pasipoti ambayo mimi mwenyewe natakiwa niiandike kwenye fomu yangu. Afisa wa Delhi akiziweka karatasi mbili hizo pamoja ataona nini? Ataona mtu mwenye mama wawili. Hawezi kujua kwamba kwetu mama wawili ni jambo la kawaida.

Barua ilibidi iandikwe upya. Baruapepe tatu, siku nne, maana Jumapili ilituingilia katikati. Nikatafuta neno la Kiingereza la mtoto wa dada. Kwa Kiswahili nisingelipata, kwa sababu mpwa ni wa mjomba, na mtoto wa dada yako kwa mwanamke ni mtoto wako tu. Nikaliandika. Halikuwa uongo, ila mama mdogo hajawahi kuniita hivyo hata siku moja.

Sasa kuna watakaosema hizi ni pilikapilika za karatasi, mtu mwerevu anazipitia. Kwa viza ya muuguzaji, sawa, maana wanakubali ndugu wa damu. Lakini hebu fikiria mgonjwa wa figo. Sheria ya India ya kupandikiza viungo, ya mwaka 1994, imetaja kwa majina ndugu wa karibu: mume au mke, mtoto, mzazi, kaka, dada, na baada ya marekebisho babu, bibi na wajukuu. Mtoto wa dada hayumo. Mgeni anayetoa figo na mgeni anayepokea wanapita mbele ya kamati, na ubalozi wa nchi yao kule India unathibitisha kwa maandishi kwamba hawa ni ndugu kweli. Sheria ile haikutungwa kwa ubaya. Iliwekwa kwa sababu figo za maskini zilikuwa zinauzwa. Ila ingekuwa figo ndiyo iliyompeleka mama mdogo India, mimi niliyelelewa naye miaka yote hiyo ningehesabiwa kama mtu baki, na yule aliyeko Oman ndiye angeitwa.

(Ugonjwa wenyewe ni wake, siutaji hapa. Na kabla hujaniambia kwamba Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, najua. Tulianzia hapohapo nyumbani.)

Kisha yapo majina. Mtanzania wa kawaida ana jina lake, la baba na la babu. Tuseme unaitwa Asha Juma Mussa. Pasipoti itasema jina la ukoo Mussa, majina mengine Asha Juma. Kadi ya hospitali itasema Asha Juma. Benki wamekuandika Asha Musa, "s" moja. Ripoti ya CT scan imeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka: Aisha. Wewe unajijua ni mmoja, mtaani wanakujua ni mmoja, lakini kwenye fomu ya viza mmekuwa wanne, na kuna kisanduku kinauliza kama umewahi kubadilisha jina. Mama mdogo hakuwahi kubadilisha jina. Ni makarani waliolibadilisha kila alipopita dirishani. Ushauri wangu wa bure ni kwamba barua ya hospitali iandikwe kwa kunakili pasipoti, herufi kwa herufi, si kwa kunakili cheti cha rufaa.

Maswali mengine yalitupa kicheko. Dini. Elimu. Alama inayoonekana mwilini. Mama mdogo akafikiri sana kwenye hiyo, akafungua bega: "Hii ya chanjo haitoshi?" Ikatosha.

Swali moja halikumchekesha jirani yetu tuliyekuwa tunajaza naye. Linauliza kama wazazi wako, au babu na bibi zako wa pande zote mbili, walikuwa raia wa Pakistan au wa maeneo inayoyashika. Jirani ni Mbulushi. Wabulushi wa pwani yetu wengi wao babu zao walitoka Makran, pwani ambayo leo imegawanyika kati ya Iran na Pakistan, walikuja na masultani wa Oman kama askari. Babu yake yeye, kwa maelezo yao, ni wa Gwadar. Pakistan imezaliwa 1947. Gwadar ilikuwa mali ya Sultani wa Muscat hadi 1958, ndipo ikauzwa kwa Pakistan. Yaani mzee alipanda jahazi kutoka mji wa Oman kwenda Zanzibar, akazikwa Zanzibar, na nchi anayoulizwa mjukuu wake haikuwepo. Ajibu nini? Akisema ndiyo, viza ya mtandaoni hana tena, anapeleka maombi ubalozini na kusubiri kuliko sisi. Akisema hapana, anaogopa jina lake litamsemea. Alisema ndiyo. Mimi kwa hili nawalaumu India waziwazi. Ugomvi wao na Pakistan una sababu zake, lakini nchi iliyofanya biashara na pwani hii tangu enzi za jahazi inajua vizuri Mbulushi wa Zanzibar ni nani. Mwaka 2023 wamefungua tawi la chuo chao cha IIT Madras hapohapo Zanzibar. Basi wafungue na kisanduku kimoja zaidi kwenye fomu.

Vishoka nao wapo. Ukitafuta "viza ya India" mtandaoni, tovuti za juu nyingi zimepakwa rangi za bendera na zinatoza ada juu ya ada. Ya serikali inaishia na gov.in. Nimekutana na mama mmoja aliyelipia viza mbili zilizokwishatoka, kwa mtu aliyemwambia "bado ziko kwenye sistimu". Mwenyewe ukijaza, fomu inakupa namba ya muda, unaiandika kwenye daftari, umeme ukikatika unarudi ulipoishia. Malipo ni kwa kadi ya benki. Sisi tulitumia ya mwalimu wa mtaani, tukamrudishia kwa M-Pesa. Jibu lilikuja kwa baruapepe siku ya tatu. Lichapishe. Usitegemee simu, simu huisha chaji pale unapoihitaji.

Anayetokea Kenya au Uganda asisahau kadi ya homa ya manjano, maana India hawana utani nayo. Wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, usichome jioni ya kuamkia safari, ila ukishachomwa siku hizi inakufaa maisha yote. Na tangu Oktoba 2025 kuna kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure. Tuliambiwa na abiria mwenzetu tukiwa kwenye foleni ya mizigo Dar, binamu akaijaza akiwa amekalia sanduku.

Mumbai, dirisha la wenye viza za mtandaoni, saa kumi na moja alfajiri. Wanachukua alama za vidole. Mama mdogo ana miaka 61 na arobaini kati ya hiyo ameshika jembe, vidole vyake ni laini kama vimepigwa msasa. Mashine ikakataa. Afisa akampa karatasi ya kujifuta, akajaribu tena, ikakataa. Akamshika mkono mwenyewe, akavibonyeza kimojakimoja taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mkono wa kushoto ukakubali. Alipokuwa anasubiri mashine, akaninyooshea kidole mimi nyuma ya mstari, akamuuliza mama mdogo kwa Kiingereza cha haraka kama yule ni mwanawe.

Mama mdogo Kiingereza chake ni cha kuulizia bei. Hilo alilielewa. "Yes," akasema, kwa sauti.

Afisa akatazama skrini, akatazama karatasi, akagonga muhuri.

Siku 60 ni chache. Hilo ndilo lalamiko langu la pili. Mionzi peke yake ilikuwa wiki sita, na kabla ya mionzi kuna wiki mbili za vipimo na kusubiri majibu. Kama daktari wako amekwishasema matibabu ni marefu, usikimbilie ya mtandaoni kwa sababu ni ya haraka. Omba ile inayobandikwa kwenye pasipoti na ubalozi, inaweza kufika mwaka. Sisi hatukujua. Kule Chennai, ilipo hospitali yetu, siku ya 44 tukaanza kuomba nyongeza kwa FRRO, ofisi inayosajili wageni. Wanataka barua mpya ya hospitali na Fomu C, ile ambayo mwenye nyumba ya wageni anatakiwa aipeleke serikalini ndani ya saa 24 tangu ulale kwake. Siku ile ya kwanza tulipofika, mwenye nyumba alipotupiga picha pasipoti zote kwa simu yake, binamu alidhani tunatapeliwa. Kumbe ndiyo iliyotuokoa. Mkipanga chumba cha bei rahisi kwa mtu asiyejaza Fomu C, nyongeza mtaisikia kwa wenzenu.

Tulirudi Dar siku ya 83. Mama mdogo anakula ugali tena na amerudia miwani yake. Wiki iliyofuata nilikwenda kuulizia cheti changu cha kuzaliwa, ambacho jina la mama limekosewa herufi mbili tangu nilipoandikishwa shule. Karani akakiangalia juu na chini, akaniambia nirudi na kiapo, na kama kuna ndugu wa upande wa mama aliye hai, nije naye.