Waya wa Simu Umeniingiza Kwenye Deni la Harusi

Ndugu zangu wa Tanga wana imani moja ambayo hata nikiwaapia kwa msahafu hawaiachi, nayo ni kwamba mtu aliyefika Uingereza hana tena haki ya kulalamikia mtandao. Picha yangu ikiganda katikati ya mazungumzo, mdomo ukiwa wazi na jicho moja limefumba, hakuna anayefikiri kwamba huenda intaneti ya Milton Keynes, mji ninaokaa, ni mbovu, wanafikiri nimewachoka. Shangazi yangu wa Ngamiani, anayetumia simu ya mkononi na bando la wiki, namwona vizuri kiasi cha kusoma jina la kanga aliyojifunga, ilhali yeye kwa upande wake anaona vipande vya rangi vinavyodai kuwa mtoto wa kaka yake. Namwamkia, "Shikamoo shangazi," kisha shikamoo ile inakwama njiani, naye anasubiri, ananuna, anamgeukia binti yake na kumwuliza kama huko Ulaya watu wameacha kuamkiana, na hapo ndipo salamu yangu inapomfikia, wakati kesi imekwisha kuamuliwa.

Nimejaribu kumweleza kwamba tatizo si mimi wala si ruta, bali ni waya wa simu ya mezani uliofukiwa ardhini kabla sijazaliwa. Hunijibu, "Mwanangu, simu ya mezani nani anayo siku hizi?" Hilo ndilo hasa linaloniudhi, kwa sababu mimi mwenyewe sina simu ya mezani, sijawahi kuwa nayo, na hakuna binadamu aliyewahi kunipigia kupitia waya ule, lakini intaneti ninayoilipia kila mwezi haina njia nyingine ya kuingilia nyumbani kwangu.

Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya maneno tu. Alexander Graham Bell alipopata hataza yake mwaka 1876, alichotaka ni mtu amsikie mwenzake, na mitandao ya simu iliyofuata ikajengwa kwa kipimo hicho: nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, zikisafirisha sauti iliyo kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 hivi, kiasi kinachotosha kabisa kumtambua anayezungumza na kujua kwamba amekasirika. Baadaye wakatokea wataalamu wakaona kwamba juu ya sauti hiyo kuna nafasi isiyotumika, wakaamua kupitisha data humo. Intaneti ya ADSL ikapanda hadi kilohezi 1,100, toleo lililofuata likaongeza maradufu, na hii ya sasa iitwayo VDSL, ambayo faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, inaishia kwenye kabati la kijani mtaani kisha waya wa zamani unamalizia safari hadi ndani, inafika megahezi 17, yaani kilohezi 17,000. Waya ni ule ule wa maneno, na hakuna aliyeuomba radhi.

Tabu ni kwamba kadiri masafa, yaani kasi ya mitetemo hiyo, yanavyopanda, ndivyo waya unavyoyameza njiani. Mtu aliyekulia pwani anaijua habari hii bila kufundishwa fizikia: taarabu ikipigwa mtaa wa tatu, wewe uliyelala kitandani unasikia dumbaki peke yake, huku fidla na maneno ya mwimbaji yakiishia kwa waliobahatika kukaa karibu. Data nayo haina tofauti, kwani masafa ya juu ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mzigo, na ndiyo yanayokufa kwanza. Aliye jirani na kabati la kijani hupata megabiti zinazokaribia 80 kwa sekunde, na aliye umbali wa kilomita moja ya waya hapati hata nusu yake. Mimi kabati ninaliona kutoka dirishani, na nikipandwa na hasira ninaweza kulirushia jiwe likafika, lakini waya haukufuata njia ya jiwe. Ulizunguka maegesho, ukapita nyuma ya majengo ya jirani, ukakumbatia uwanja wa watoto, kisha ukarudi kwangu umechoka. Ninapata megabiti kumi na kitu, tena siku ya ukavu.

Nayo hiyo ingekuwa nafuu kama waya wenyewe ungekuwa wa shaba. Mji huu ulitangazwa rasmi kuwa mji mpya Januari 1967, ukapangwa kwa rula, ukapewa mizunguko ya barabara mingi kiasi kwamba mgeni anaweza kuzeeka humo akitafuta njia ya kutokea, na nyaya zake za simu zikaanza kufukiwa katika zama ambazo bei ya shaba ilikuwa imepanda. Wenye simu wa wakati huo wakaona alumini ni rahisi, wakaifukia kwa wingi. Kwa sauti ya mtu hakukuwa na neno. Lakini alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba yenye unene ule ule, hukatika upesi inapokunjwa, na kwenye maungio hujivika ukungu mweupe unaozuia mkondo. Kwa hiyo mimi, katika nchi iliyoendesha reli ya treni za mvuke kabla ya wengine wote, ninapokea intaneti kupitia madini ya sufuria.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni tarehe. Mwaka 1966, katika maabara ya mji wa Harlow, hapa hapa Uingereza na wala si mbali sana na ninapokaa, Charles Kao na mwenzake George Hockham walichapisha hoja yao kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kupitisha mawasiliano kwa mwanga kwa umbali mrefu, kazi ambayo ilimpatia Kao Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Yaani hoja ya faiba ilitangulia mji wangu kwa miezi kadhaa. Ninakiri kwamba kioo chenyewe chenye usafi wa kuridhisha hakikupatikana hadi 1970, huko Marekani, na kwamba huwezi kumlaumu fundi wa wakati ule kwa kutofukia kitu ambacho hakijatengenezwa. Lakini mtu akiwa na picha iliyoganda mbele ya shangazi yake, haki huwa ngumu kuitenda.

Nilipolalamika kwa kampuni ya intaneti, baada ya kuambiwa nizime ruta na kuiwasha, nikaletewa fundi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mkoba uliojaa vifaa, na kitu cha kwanza alichotoa humo kilikuwa redio ndogo ya mkulima. Nilidhani anataka kusikiliza mpira. Kumbe masafa yanayotumiwa na intaneti ya waya wa simu yanaingia katika eneo la redio ya masafa ya kati, hivyo kifaa kibovu cha umeme kikitema kelele, redio inaisikia kabla ya ruta kuanguka. Akaiweka mahali pasipo na stesheni, akaanza kuizungusha nyumbani kwangu, akaipitisha kwenye jokofu, akaipitisha kwenye televisheni, akasimama mbele ya chaja ya simu ya mke wangu ambayo tuliinunua sokoni kwa bei ya kutupa, na redio ikapiga yowe. Mke wangu akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeitoa ile sauti. Chaja ikachomolewa, kasi ikapanda kidogo, kisha fundi akatoka nje kufungua kisanduku cha maungio. Nilimfuata. Ndani yake nyaya zilikuwa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, zimefunikwa vumbi jeupe, na alipoigusa mojawapo kwa ncha ya koleo ikakatika. Akanyamaza. Akavuta kipande kingine, akakichuna, nacho kikakatika. Alipofika cha tatu nilikuwa ninamwombea dua kwa Kiswahili na yeye anasema mambo yake kwa Kiingereza, na nadhani tulikuwa tunazungumzia jambo lile lile.

Aliniambia kwamba hata angepata waya mzima, bado ungelala ndani ya bomba moja na nyaya za majirani, na kila mmoja wetu anapofungua filamu jioni, mkondo wake unavujia kwa mwenzake. Ndiyo maana intaneti yangu huamka vizuri alfajiri, wakati hakuna binadamu anayeihitaji. Matangazo ya biashara hayasemi hivyo. Hadi Mei 2018 tangazo hapa liliruhusiwa kujisifu kwa kasi ambayo asilimia 10 tu ya wateja waliipata. Tangu hapo ni lazima angalau nusu ya wateja waipate katika saa za msongamano, yaani saa mbili hadi saa nne usiku. Ni maendeleo, sibishi. Ila mimi niko katika nusu nyingine. Ipo pia haki ya kisheria, iliyoanza Machi 2020, ya kudai huduma ya walau megabiti 10 za kupakua na 1 ya kupakia, na laini yangu, ilipopimwa siku ya jua, ilifaulu mtihani huo kwa alama za kubebwa, ikanipokonya hata haki ya kuonewa huruma.

Hiyo megabiti moja na ushee ya kupakia ndiyo iliyonifilisi. Teknolojia hii hugawa masafa kwa upendeleo, sehemu kubwa ikapewa kupakua kwa kudhaniwa kwamba mtu wa nyumbani kazi yake ni kutazama, na sehemu ndogo ikaachiwa kupakia. Sasa wanakamati wa harusi ya binti wa kaka yangu walifanya kikao kwa njia ya video, Baba Mkubwa akiwa mwenyekiti, na zamu yangu ya kutoa ahadi ikafika wakati ule ule ambapo simu ya mke wangu ilianza kuhifadhi mtandaoni picha za Idi. Nilisema kwa sauti ya kiume, "Ahadi yangu ni laki mbili." Waya ukaimeza laki. Katibu akauliza, "Mbili nini?" na kabla sijafikisha jibu, Baba Mkubwa akamwambia, "Mtu wa Uingereza atasema mbili nini? Andika milioni." Nikapiga kelele, nikapunga mikono, nikaandika karatasi na kuionyesha kwenye kamera, kule walimwona mtu aliyeganda, ametabasamu. Vigelegele vilinifikia vyote bila kukatika hata kimoja, kwa kuwa upande wa kupakua waya wangu ni hodari.

Nilipompigia Baba Mkubwa kurekebisha kumbukumbu, alinicheka. Alinikumbusha kwamba mwaka 2010 Tanzania nzima haikuwa na laini laki mbili za simu ya mezani, na kwamba sisi tuliozoea kwenda posta kusubiri tuunganishiwe simu tulionekana tumeachwa nyuma kabisa. Ukweli ni kwamba kwa kuwa hatukuwa na nyaya nyingi za kuzionea uchungu, mkongo wa SEACOM, ule wa faiba ya chini ya bahari, ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009 hakukuwa na sababu ya kuusubirisha kwa ajili ya waya wa babu; minara ya simu za mkononi ikasambaa, na leo binamu yangu wa Dar amevutiwa faiba hadi sebuleni juu ya nguzo za mtaani. Uingereza ilifukia waya hadi karibu kila nyumba, na kwa miaka mingi ikaona ni nafuu kuukamua waya ule kuliko kuufukua. Baba Mkubwa alisema nirudi nyumbani, kuna mtandao. Milioni mbili hakuzigusa.

Usiniulize kwa nini situmii simu ya mkononi. Ninakaa chini kabisa ya jengo la zege, na ndani ya kuta zile mawimbi huingia kwa kuibia. Nikitaka mtandao wa kueleweka ninakwenda kusimama kituo cha basi. Usinipongeze pia kwa habari kwamba mtandao wa zamani wa simu za mezani utazimwa mwishoni mwa Januari 2027. Tarehe hiyo ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa mbele kwa ajili ya wazee na wagonjwa ambao kengele zao za dharura zinategemea laini hizo, jambo ambalo nami naliunga mkono. Lakini kitakachozimwa ni huduma ya sauti. Intaneti inaruhusiwa kuendelea kupita kwenye waya ule ule pale ambapo faiba haijaingia ndani, maana yake ni kwamba kazi pekee ambayo alumini yangu iliiweza ndiyo itakayoondolewa, na ile inayoishinda itabaki nayo.

Faiba yenyewe imekwisha kufika mtaani. Imepita mbele ya mlango wetu, nimeikanyaga, lakini haiwezi kuingia katika jengo la kupanga bila ruhusa ya mwenye jengo. Nikamwandikia wakala wake. Akanitaka nijaze fomu kwa njia ya mtandao tu, nikiambatanisha picha za kuta zote faiba itakapopita, ziwe na ubora wa juu. Nilipakia picha hizo usiku mzima, zikifika karibu na mwisho ukurasa unasema muda umekwisha na kuniomba nianze upya, mpaka nikachukua mwavuli na kwenda kuzituma kutoka kituo cha basi, huku dereva akinisubiri nipande na mimi nikimpungia aende zake. Wakala alijibu siku ile ile kwamba ombi langu limepokelewa, na kwamba mwenye jengo, ambaye anaishi Dubai, hutoa majibu yake kwa barua ya posta.