Nilivyoingia Mferejini Bure

Mimi nimezaliwa na kukulia Mji Mkongwe, Unguja, na tangu utotoni nimeamini kwamba hakuna uchochoro duniani unaoweza kunipoteza. Kwetu kanuni ni moja tu: ukipotea usimwulize mtu, endelea kutembea, kwa sababu mwisho wa yote utatokea ama Darajani, penye soko, ama baharini. Kanuni hiyo ndiyo niliyoondoka nayo mwaka 2024 nilipokwenda Italia kumtembelea dada yangu, ambaye yeye na mumewe wanaishi Mestre, upande wa bara, mwendo wa dakika kama kumi kwa treni kutoka Venice ya visiwani.

Shemeji ni mtu wa Tanga, mpole, mpenda taratibu. Usiku wa kuamkia matembezi yetu alinilipia kwa simu ada ya euro 5, ambayo mji ule ulianza kuwatoza wageni wa kutwa mwaka huohuo katika siku zenye msongamano. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mkazi, hakutakiwa kulipa. Alinikabidhi pia ramani ya karatasi, nami nikaikunja na kuitia mfukoni kwa heshima tu, kama mtu anavyopokea kadi ya mchango wa harusi asiyokusudia kuihudhuria.

Ukitoka katika kituo cha treni cha Santa Lucia unashuka ngazi, na mahali ulipotarajia barabara unakuta maji. Mfereji Mkuu uko miguuni pako, una urefu wa karibu kilomita 4, umejipinda kama herufi S iliyogeuzwa, na juu yake vinapita vyote ambavyo kwingine hupita kwa magurudumu: basi ni chombo, teksi ni chombo, gari la wagonjwa ni chombo, na la taka vilevile. Mji umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja vilivyounganishwa kwa madaraja yanayozidi 400.

Shemeji alipendekeza tufuate vibao vya njano vinavyoelekeza Rialto, lile daraja maarufu la Mfereji Mkuu. "Shemeji," nikamwambia, "vibao ni vya wageni." Nikatangulia. Kwa muda wa saa nzima nilithibitisha kanuni ya kwetu kwa namna ambayo wazee hawakuikusudia, maana kila baada ya dakika mbili nilitokea darajani, na kila nilipolikosa daraja nilitokea majini. Nambari za nyumba nazo hazikunisaidia, kwa sababu hazihesabiwi kwa mtaa bali kwa wilaya nzima, na katika wilaya ya Castello zinapita 6000. Kwa hiyo mtu anayejua kwamba amesimama mbele ya nyumba nambari elfu tano na kitu bado amepotea vilevile, ila amepotea kwa usahihi zaidi.

Hatimaye nilisalimu amri, nikainua macho kutafuta kibao. Kilikuwapo ukutani, kimeandikwa "Per Rialto", na kando ya maandishi palikuwa na mishale miwili, mmoja ukielekea kushoto na mwingine kulia.

"Zote zinafika," alisema Shemeji.

Nilihisi nimetukanwa na ukuta. Nikachagua njia ya tatu, iliyopita katikati.

Ilikuwa nyembamba kiasi cha viwiko vyangu kukwaruza kuta zote mbili. Ikapinda, ikapita chini ya nyumba ya watu, kisha ikaisha bila taarifa mbele ya ngazi nne za mawe zilizoshuka moja kwa moja majini. Maji yalikuwa yamekupwa. Ngazi mbili za juu zilikuwa nyeupe na kavu, ya tatu ilikuwa na unyevu, na ya nne ilifunikwa na mwani wa kijani, mfupi, laini, uliolala vizuri kama nywele zilizotiwa mafuta. Naomba msomaji aelewe kwamba mimi mwani ninaujua. Mama yangu mdogo amelima mwani Paje kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimeubeba kichwani. Pamoja na ujuzi huo wote, niliukanyaga, kwa kuwa nilitaka kuchungulia kama Rialto ilikuwa baada ya kona.

Sikuanguka, maana kuanguka ni jambo la ghafla. Nilikaa kitako juu ya ule mwani na kuanza kushuka polepole, miguu nimeinyoosha, mikono iko juu, kama dau linaloshuliwa, ila halina hata mtu mmoja wa kuliimbia, mpaka maji yakanifika kifuani na miguu ikagota kwenye tope.

Papo hapo nikasikia ukelele wa "Oè!", ambao wapiga kasia wa gondola huupiga kabla ya kukata kona. Gondola ina urefu wa karibu mita 11, na upande wake mmoja hujengwa mpana kuliko mwingine ili lile kasia moja la upande wa kulia lisiifanye izunguke. Shemeji alikuwa amenieleza hayo asubuhi nami sikumsikiliza, lakini sasa nilipata fursa ya kuyahakiki kwa karibu, kutokea chini. Ndani walikaa maharusi, ambao bila shaka walikuwa wamelipa zile euro 90 za nusu saa, na mbele yao kilielea kiatu changu kimoja, moka ya ngozi niliyoinunulia Idi, kikiwaongoza njia. Mpiga kasia alikinasa kwa ncha ya kasia, akakitua kwenye ngazi kavu, akainamisha kichwa kwa adabu na kupita. Bwana harusi alipiga picha. Bibi harusi alinipungia mkono, nami nikampungia.

Shemeji alikuwa amekwisha kufika juu ya ngazi. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Shemeji, toka upesi. Kuogelea mferejini kuna faini."

"Siogelei!"

"Mimi naliona hilo," alisema, "lakini askari?"

Nikatoka kwa magoti, nikijiliwaza kwamba mjini nimeingia kwa euro 5, lakini mferejini nimeingia bure. Dada alipopata habari alimpigia Mama simu palepale, na Mama, kwa kuwa kwa watu wa Unguja mfereji ni bomba la maji, aliuliza kwa wasiwasi mtu mzima ameangukaje ndani ya bomba, na kama nimekonda kiasi hicho.

Karibu na daraja la Rialto, ambalo limesimama tangu 1591 na ambalo tulilifikia kwa kufuata mshale wa kushoto, nilinunua nguo pekee ya kunitosha iliyopatikana kibandani: fulana ya mistari ya buluu na nyeupe, kama wanazovaa wapiga kasia. Mwuzaji akaongeza kofia ya majani yenye utepe kwa punguzo. Kanisa la San Marco nililitazama kwa nje, kwa sababu suruali ilikuwa bado inachuruzika.

Tulipokuwa tunarudi, mama mmoja mgeni, ramani mkononi, alinitazama fulana, akatazama kofia, akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa: "Rialto?"

Nikanyoosha mikono yote miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia.