Mmea Uliodumaa Si wa Kuogopwa Sana

Kadimi, metali nzito yenye sumu, ikizidi kwenye udongo wa mitishamba, mzizi ndio unaotangulia kuumia. Hukoma kurefuka, hugeuka kahawia, na vinyweleo vyake vya kufyonza maji hupungua. Kisha majani hupauka, maana klorofili haijengeki sawasawa, na mmea hudumaa. Shaba na zinki zina kesi yao: mmea hauishi bila hizo, ila zikizidi ni sumu. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye dawa yenyewe. Viambata, yaani kemikali za dawa tunazozitafuta katika mitishamba, mara nyingi ni silaha za mmea za kujikinga, kwa hiyo wapo wanaosema dhiki kidogo ya metali huongeza nguvu ya dawa. Hawakubuni tu. Artemisia annua, chanzo cha artemisinini inayotibu malaria, imeonyesha ongezeko la kiambata hicho ilipopewa aseniki majaribioni. Lakini Hypericum perforatum, mmea unaotumiwa kwa sonona, ulipopewa nikeli ulishindwa kutengeneza haiperforini, kiambata chake kimojawapo. Kwa hiyo aliyefaulu na artemisia asiwaahidi wengine chochote.

Binafsi nawakubalia nusu. Kiambata kikiongezeka ndani ya jani huku majani yenyewe yakipungua, mkulima huenda asivune dawa zaidi. Na mnywaji je? Aseniki iliyouchokoza mmea imo katika jani lilelile analolichemsha. Shirika la Afya Duniani limependekeza ukomo wa miligramu 0.3 za kadimi na 10 za risasi kwa kilo ya malighafi ya mitishamba. Mmea unaweza kuuvuka ukomo wa kadimi ukiwa bado umestawi, kwa sababu huifunga kwa peptidi (vipande vidogo vya protini) na kuifungia ndani ya vakuoli, vifuko vilivyomo katika seli zake. Huo uliostawi ndio unaonitia wasiwasi. Uliodumaa hauna mchumaji.

Kwenye mafuta ya kunukia, hata hivyo, wanaotetea kulima penye metali wana hoja nzito. Mnanaa na lavenda vikikamuliwa mafuta kwa mvuke, metali karibu zote hubaki kwenye makapi. Shamba lisilofaa kwa majani ya kuchemshwa na kunywewa linaweza basi kutoa mafuta safi, mradi makapi hayo yasiwe mbolea wala chakula cha mifugo. Chokaa nayo husaidia, kwani hupunguza asidi ya udongo na mizizi ikafyonza kadimi kidogo. Ila tatizo likiwa aseniki, chokaa hiyohiyo inaweza kuilegeza zaidi udongoni ikafikia mizizi, kwa hiyo udongo upimwe kabla ya mfuko kufunguliwa.