Ni Uamuzi wa Kisanaa

Sikumvua mtu shati. Tuanzie hapo, maana rafiki yangu mmoja (anajijua, na najua anasoma hapa huku anacheka) ameshawasimulia watu kwamba siku ya ufunguzi wa maonyesho ya sanaa nilimvua mwenyekiti wa majaji shati mbele ya ukumbi mzima ili nilitie saini. Uongo mtupu. Alilivua mwenyewe, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Saini ilikuja baadaye.

Mnaonifuata siku zote mnajua nachonga lino. Kwa mgeni aliyeletwa na umbea: lino ni lile tandiko gumu la sakafuni ambalo Mwingereza Frederick Walton alilipatia hataza mwaka 1863, mafuta ya kitani yaliyogandishwa na unga wa kizibo. Yeye alitaka watu walikanyage. Sisi tunalichonga, tunapaka wino pale palipobaki juu, tunalaza karatasi, tunasugua, tunabandua. Kinachotoka kwenye karatasi, yaani chapa, ni kinyume cha ulichochonga, kulia kunakuwa kushoto. Hilo ni somo la siku ya kwanza, saa ya kwanza. Nimewahi kulifundisha. Nililifundisha kwa ukali.

Sasa, maonyesho ya wazi yana raha yake: hakuna anayekuuliza umesomea wapi wala nani anakujua. Unajaza fomu, unalipa ada, unatuma picha ya kazi yako, jopo linachagua. Karaha yake ni tarehe ya mwisho. Usiku wa tarehe hiyo, saa sita kasoro robo, nilikuwa na kibao cha lino kilichochongwa tayari: kobe mkubwa, na juu yake, kwa herufi nene kama matofali, mistari mitatu. HARAKA. HAINA. BARAKA.

Cheka tu, sijafika.

Kibao nilikuwa nacho, chapa sikuwa nayo. Hata karatasi sikuwa nimekata. Na fomu inadai picha ya kazi iliyokamilika. Basi nikakipaka kibao wino mweusi, nikakipiga picha chenyewe. Nikaitoa picha rangi, nikaongeza mwanga, nikakata kingo, na nawaambia, ukiitazama haraka huwezi kuijua. Ilikuwa chapa safi kabisa. Maandishi yalisomeka vizuri ajabu, na hapo ndipo moyo ulipaswa kunipasuka, kwa sababu kibao kikisomeka chapa haitasomeka. Lakini saa sita kasoro dakika tatu mtu hafikiri. Anabofya.

Nikachaguliwa. Nikatangaza hapa, mkanipongeza, asanteni sana, nikazikalia pongezi zenu mpaka zikabaki siku nne kazi ipelekwe ukumbini.

Usiku huo nikachapa. Nikabandua karatasi ya kwanza polepole, kwa ile raha wachapaji tunayoijua, ya kuanzia kona moja na kujinyima mwenyewe usione yote kwa mpigo. Kobe huyo. Miguu, gamba, jicho la dharau. Nikavuta tena.

AKARAH. ANIAH. AKARAB.

Nililaumu herufi. H na A na I hazina shida na mtu, ukizigeuza zinabaki vilevile, na neno lenyewe limejaa A. Ndizo zilizonilaza usingizi siku zote tisa nilizokaa nachonga. Walionisaliti ni R, K, N na B, waliokuwa wamekaa katikati kimya kama wapelelezi.

Kuchonga upya siku nne hazitoshi. Kujitoa, nimeshatangaza. Nikafanya anachofanya msanii yeyote aliyekosea: nikaandika maelezo. Niliandika kwamba maandishi yamegeuzwa kwa makusudi, ili kumnyima mtazamaji usomaji wa haraka na kumlazimisha asimame na kazi. Nikamwita na Rembrandt, yule mchoraji mkubwa wa Uholanzi wa zamani, aje kunitetea. Mwaka 1650 alichora kombe la konokono wa baharini kwenye bamba la shaba bila kuligeuza, na kwenye chapa likatoka limejipinda upande ambao konokono wa aina ile hajipindi. Saini yake, lakini, aliigeuza barabara. Yaani mkubwa yule alikosea konokono akapatia maandishi, mimi nimepatia kobe nikakosea maandishi. Kwenye maelezo sikuiweka hivyo. Niliandika "katika mkondo wa Rembrandt".

Likaja la wino. Sina mashine, nasugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, na chapa ile ilitoka na mabaka. Badala ya kuchapa nyingine kwa utulivu nikachanganya wino na mafuta zaidi ulainike, nikapaka kwa wingi, nikachapa ikatoka nyeusi tii, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wino wa mafuta haukauki kama nguo kwenye kamba. Unakauka kwa kunywa hewa, taratibu, na ukiwa mnene hata wiki kadhaa haziutoshi. Hili nalo nimewahi kulifundisha.

Na kwa kuwa nilijua (nilijua! hilo ndilo linaloniuma) kwamba wino mbichi ukikaribiana na kioo unakitia ukungu, na ukigusana nacho unang'ang'ania, nikaamua nisiweke kioo. Wala fremu. Nikaigandisha karatasi kwenye ubao, wazi, kifua mbele.

Dada wa mapokezi alikuwa na orodha ya masharti.

"Kioo kiko wapi?"

"Ni uamuzi wa kisanaa."

"Na maandishi haya?"

"Uamuzi wa kisanaa."

Akasogeza pua. "Mbona inanuka?"

Nikamwambia nako ni uamuzi wa kisanaa. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayeapa kwamba ameshapiga mswaki, akaandika kitu kwenye orodha yake, akanipa risiti.

Siku ya ufunguzi kazi yangu ilikuwa ukuta wa mbele kabisa, mkabala na mlango. Heshima kubwa. Nikasimama hatua chache pembeni, nikajifanya napita tu, na kila aliyesimama kushangaa yale maandishi nikamwelimisha bure. Nilikuwa nimempata bwana mmoja na mkewe, nawaeleza juu ya usomaji na mwendo wa jicho, majaji watano walipoitwa kupigwa picha. Pale. Mbele ya kobe wangu.

Hapa nikae kidogo, maana rafiki yangu hapa hupapitia kwa sentensi moja.

Mwenyekiti wa majaji ni mzee mrefu, mgongo mpana, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata karatasi. Alisimama katikati. Kati ya mgongo wake na chapa yangu pangepita mkono mzima. Mpiga picha akasema, "Rudini nyuma kidogo." Wakarudi. Sasa pangepita kidole. Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kupiga kelele, nawaapia, lakini kilichotoka ni mwisho wa sentensi niliyokuwa nimeianza kwa yule bwana: "... kwa hiyo haisomeki, na kutosomeka ndiko ujumbe wenyewe." Mpiga picha akasema, "Kidogo tena."

Hapakupita kitu tena.

Labda ingekuwa kugusa tu. Labda lingekuwa doa. Lakini jaji mmoja akatoa utani, na mwenyekiti, nimekuja kujua, ni mtu anayecheka kwa mabega. Juu, chini, juu, chini, mgongo mzima umelala kwenye karatasi. Mimi nilisugua chapa ile dakika arobaini kwa kijiko mpaka kiganja kikatoa lengelenge. Yule mzee kwa kicheko kimoja alisugua kuliko mimi. Mpiga picha akaangalia kamera yake, akasema mmoja amefumba macho, turudie. Akacheka tena.

Kisha akapiga hatua mbele.

Wachapaji tunafanya kazi kwa masikio. Unapoviringisha rola juu ya wino inatoa mlio, tsss, laini, ndio unakwambia wino umetosha. Ukisikia mlio mzito, wa kunatanata, ujue umezidisha. Shati la mwenyekiti lilipobanduka ukutani nilisikia ule mzito. Ulianzia bega la kushoto, ukashuka polepole mpaka kiunoni. Nadhani ulichukua sekunde mbili. Mimi bado nausikia.

Akageuka kumsalimia mtu, akatupa mgongo.

HARAKA. HAINA. BARAKA.

Imenyooka. R inatazama inakopaswa kutazama, K imefungua miguu upande wake, kobe chini yake amekaa vizuri, mkia unagusa mkanda. Kumbe ndivyo: ukichapa kutoka kwenye chapa mbichi, kinachotoka hurudi kufanana na kibao. Wachapaji wa kale walikuwa wakifanya hivyo makusudi ili wakague bamba lao bila kuumiza kichwa. Ilikuwa, niseme ukweli, nakala nzuri kuliko zote nilizochapa. Weusi sawasawa, baka hata moja hakuna.

Yule bwana niliyekuwa namwelimisha akaniuliza kwa upole, "Mbona pale inasomeka?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaondoka, nimejibandika nyuma ya mwenyekiti. Mpango wangu ulikuwa mwili wangu uwe pazia, nitembee naye hatua kwa hatua mpaka watu watawanyike, kisha Mungu anioneshe la kufanya. Akienda kulia naenda kulia. Akisimama nasimama, pua yangu shubiri moja kutoka kwenye herufi B. Baada ya kazi ya tatu akageuza kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini, ya huruma, "Kijana, matokeo hayajatangazwa. Kunifuata hakutasaidia."

Nikabaki nyuma. Ningefanyaje?

Na pazia lilipoondoka tu, mtoto mmoja, umri wa wale wanaojifunza kusoma na wanaosoma kila kitu kwa sauti, akaanza. "Ha-ra-ka." Watu wakanyamaza wamsikilize, unajua watu wanavyopenda mtoto anayesoma. "Ha-i-na." Mwenyekiti akafurahi mno. Akadhani anasoma ukutani. Akainama, akamwambia, "Hongera sana! Umeweza kuisoma hata imegeuzwa?"

"Haijageuzwa, babu. Iko mgongoni kwako."

Mzee akapeleka mkono nyuma. Akaurudisha mbele, akatazama vidole. Akatazama ukutani, ambako kobe wangu alikuwa amepauka gamba lote, kuna umbo la mabega mawili na uti wa mgongo katikati. Kisha akanitafuta mimi. Ukumbi mzima ukamsaidia kunitafuta.

"Mzee wangu, samahani sana, yaani..."

"Usiseme."

"Ila mzee..."

"Usiseme ni uamuzi wa kisanaa."

Alikuwa ameyasoma maelezo. Yote.

Yaliyobaki nayapitia mbio, mnisamehe. Chumba cha nyuma, alivua mwenyewe, akaazimwa koti. Nikajaribu mafuta ya kupikia na sabuni, ambavyo mikononi na kwenye kioo cha kuchanganyia wino ni dawa kamili, kwenye pamba vilimnenepesha kobe tu. Nikaacha. Zawadi sikupata. Kazi hairuhusiwi kuondolewa mpaka maonyesho yafungwe, kwa hiyo ipo pale hadi leo, imepauka, na dada wa mapokezi amebandika kando yake karatasi ya TAFADHALI USIEGEMEE, ambayo naona watu wanaipiga picha kuliko kobe. Mama mmoja ameagiza nakala, ila anataka "ile yenye mabega". Nimeandika 1/15 pale chini kwa penseli. Nakala kumi na tano zinazopaswa kufanana. Nitampata wapi mzee yule mara kumi na nne?

Sehemu ambayo rafiki yangu haijui, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, ni hii. Mwenyekiti alikaa kitini na koti la watu, shati limetandazwa mezani, akalitazama muda mrefu. Mimi nikawa nakunja kitambaa changu cha wino, nakikunjua, nakikunja. Akatoa simu, akatafuta kitu, akaiweka kando ya shati. Ilikuwa picha niliyotuma na fomu. Kobe, na maandishi yanayosomeka. Akatazama simu, akatazama shati, akatazama simu.

"Ya ukutani sikuichagua mimi," akasema. "Niliyoichagua ni hii."

Akalinyoosha shati pindo, akanipa kalamu.