Jarida la mashabiki likisherehekea miaka ya Doctor Who, lisifie tu au liseme yote?

Kila Doctor Who ikitimiza muongo mwingine mashabiki wanatoa toleo nono la jarida la sherehe, na kila mara ubishi ni ule ule. Wengine wanasema sherehe ni sherehe, weka picha kali na mahojiano ya waigizaji, basi, wengine wanasema hapana, kama unasimulia miaka 60 simulia na ile mibaya. Mi huu ubishi nimeufuatilia sana na naona pande zote mbili zina hoja, ila uzito haulingani.

Kwa asiyeijua, ni tamthilia ya BBC ya Uingereza, ilianza Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Rais Kennedy kuuawa, ndo maana Jumamosi iliyofuata wakairudia sehemu ya kwanza kabla ya kuonyesha ya pili. Inamhusu msafiri anayeitwa tu Daktari, anakatiza nyakati na sayari ndani ya kibanda cha polisi cha bluu, na mwigizaji akiondoka mhusika anabadilika sura safari inaendelea, ujanja waliouanza 1966 William Hartnell alipompisha Patrick Troughton.

Haya, wa kusifu kwanza. Mwaka 1973, tamthilia ina miaka 10, gazeti la Radio Times lilitoa toleo maalumu ambalo lilikuwa sherehe tupu, picha, waigizaji, orodha ya hadithi zote tangu mwanzo, mpaka maelekezo ya kujitengenezea Dalek, yale madude ya chuma yenye kiumbe ndani. Kumbuka video za majumbani zilikuwa bado hazijaenea, kipindi kikipita kimepita, halafu ghafla mtoto anashika mkononi miaka kumi yote. Kijana mmoja wa Glasgow, miaka 15, aliandika barua ya kulisifia na ikachapwa Februari 1974. Anaitwa Peter Capaldi. Mwaka 2013, tamthilia ikielekea miaka 50, huyo huyo akatangazwa kuwa Daktari mpya. Sasa nani atasema kusifia ni kazi bure?

Ila toleo lile lile lina funzo jingine. Hadithi za mwanzo hazikuwa na jina moja kwenye skrini, kila sehemu ya wiki ilikuwa na jina lake, kwa hiyo ile orodha ikachukua jina la sehemu ya kwanza ikalifanya la hadithi nzima, na mashabiki wakayabeba majina hayo miaka na miaka, mengine mpaka leo watu wanabishana hadithi inaitwaje hasa. Yaani toleo la sherehe watu hawalisomi wakalitupa, wanaliweka na kulifanya rejea. Kwa hiyo ukiacha kitu nje, au ukikipaka rangi, umekiacha nje kwa kila atakayekuja kusoma baadaye.

Upande wa pili nao una kidonda chake. Mwaka 1985 BBC waliisimamisha karibu miezi 18, 1986 Colin Baker, aliyekuwa akimwigiza Daktari, akaondolewa, 1989 ikazimwa kabisa, na ukiacha filamu moja ya 1996 haikurudi hadi 2005. Miaka ile jarida la mashabiki liitwalo DWB lilimshukia mtayarishaji wa tamthilia, John Nathan-Turner, toleo baada ya toleo. Baadhi ya waliyoyasema yalikuwa kweli, hadithi nyingine zilikuwa dhaifu na hakuna haja ya kuficha, lakini mengine yalivuka mpaka yakawa chuki kwa mtu. Wanaotaka sherehe tupu wakisema wanaogopa kurudi huko nawaelewa kabisa.

Lakini mtu akiniambia mkosoaji sio shabiki wa kweli, hapo namkatalia. Mwaka huo huo wa 1986 kijana wa miaka 16 alikaa kwenye kipindi cha Open Air cha BBC akaichambua sizoni mpya mbele ya waandishi wake wenyewe, hakumumunya maneno. Jina lake Chris Chibnall, na kuanzia 2018 mpaka 2022 ndiye aliyeiongoza tamthilia nzima, na ukosoaji wa mashabiki wapya ukamgeukia yeye. Capaldi alisifu, Chibnall akalaumu, wote wawili walikuwa wanaipenda kufa.

Halafu kuna suala la tepu, na hapa ndo mi naegemea. Miaka ya 60 na 70 BBC walifuta tepu nyingi, na vipindi karibu 100 bado havijulikani vilipo. Ila sauti ya kila kimoja ipo, kwa sababu kuna watu walikuwa majumbani kwao wanaweka maiki mbele ya spika ya televisheni, rekoda inazunguka, nyumba nzima kimya, ukikohoa umeharibu. Hawakuambiwa na mtu. Oktoba 2013, wiki chache kabla ya sherehe ya miaka 50, ikatangazwa kwamba vipindi tisa vimepatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni. Sasa niambie, toleo la sherehe litaiandikaje furaha hiyo bila kusema nani alifuta? Haieleweki. Msomaji mpya atajiuliza mbona wanashangilia vipindi vya zamani hivi.

Kwa hiyo ningekuwa mhariri, picha na mahojiano ningeweka tena mengi, na miaka ya 1985 hadi 1989 ningeipa kurasa za katikati, sio aya mbili nyuma, na waliofanya kazi pale waseme wenyewe. Hapo Nathan-Turner lazima aandikwe mzima mzima, makosa yake, matusi aliyotupiwa, na ukweli kwamba aliibeba kuanzia 1980 hadi mwisho hata pale alipotaka kuondoka akabakishwa. Alifariki 2002, hakuwahi kuiona ikirudi hewani.